Kifusi cha Nyumba ya Zamani, Matofali ya Nyumba Mpya: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Pesa

Kuanzia Kitale hadi Bungoma, mjengo haukosekani. Mtu anabomoa duka la zamani ajenge la ghorofa. Familia inaangusha nyumba ya baba iliyopasuka kuta. Barabara ikipanuliwa, vibanda na nyumba zilizosimama kwenye hifadhi ya barabara huangushwa kwa siku moja. Vumbi likitulia, kinachobaki ni rundo la kifusi: vipande vya zege, matofali yaliyovunjika, plasta na nondo zilizopinda.

Wengi wetu tukiona rundo hilo tunaona gharama. Tunatafuta lori, tunalipa dereva, na kifusi kinaenda kumwagwa kwenye shimo, kando ya mto au nyuma ya shamba la mtu. Wiki inayofuata, lori lilelile linarudi na kokoto mpya, na tunalipa tena.

Wateja wetu wa pande za Matulo, Webuye Magharibi, na maeneo jirani hutumia pesa ya simu karibu katika kila hatua ya ujenzi: kwa mwenye hadiweya, kwa fundi, kwa dereva wa lori, kwa kibarua wa siku. Ndiyo maana tumeamua kuandika kuhusu kifusi. Je, inawezekana kukigeuza kuwa matofali? Inawezekana. Je, utaokoa pesa? Hapo inategemea, na jibu utalipata kwenye hesabu yako mwenyewe, ukiiweka vizuri.

Ndani ya kifusi kuna nini?

Zege, au konkriti kama wengi tunavyoiita, ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Likishakauka linakuwa jiwe. Ukilivunja, saruji yake hairudi kuwa saruji. Hata ukilisaga likawa unga laini, halitashika tena kama simiti ya mfuko. Kitu unachokipata ni kokoto na mchanga wa mkono wa pili. Kwa hiyo lazima ununue saruji mpya. Unachookoa ni kokoto, mchanga kiasi, na pesa za kutupa taka.

Kiasi chake si kidogo. Chukua sakafu ya chumba cha mita 4 kwa mita 5, yenye unene wa sentimita 10. Hiyo ni mita 2 za ujazo za zege. Mita moja ya ujazo ya zege huwa na uzito wa takriban kilo 2,400, kwa hiyo sakafu ya chumba kimoja tu ina karibu tani 5 za mzigo. Ukiiponda na kuifinyanga upya kuwa matofali yasiyo na tundu ya milimita 390 kwa 190 kwa 140, kwa hesabu ya karatasi unaweza kupata matofali 150 hadi 200.

Kuna jambo moja la kujua mapema. Kokoto ya kifusi ni dhaifu kuliko kokoto ya kwari. Kila kipande kinabeba mabaki ya saruji ya zamani, na mabaki hayo yana vitundu vidogo vinavyonyonya maji. Fundi asipojua hilo, mchanganyiko unakauka kabla haujashikana na tofali linatoka likiwa linamong'onyoka pembeni. Akijua, dawa yake ni rahisi, na tutaieleza hapa chini.

Wenzetu wamejaribu

Hili si wazo la jana. Baada ya vita vya pili vya dunia kwisha mwaka wa 1945, miji ya Ujerumani ilikuwa imejaa vifusi. Watu, wakiwemo wanawake, walisafisha matofali moja moja ili yatumike tena, na vifusi vingine vikapondwa kuwa kokoto ya kujengea upya. Siku hizi huko Scotland, kampuni ya Kenoteq iliyotokana na Chuo Kikuu cha Heriot-Watt inatengeneza tofali liitwalo K-Briq. Karibu asilimia 90 yake ni taka za ujenzi, na halichomwi kwenye tanuri.

Mfano ulio karibu nasi uko Tanzania. Mtafiti Mohamed Sabai na wenzake walikusanya sampuli nane za vifusi kutoka maeneo ya ujenzi na ubomoaji, wakaziponda, wakazichekecha, kisha wakatengeneza matofali ya saruji bila kuongeza hata kokoto mpya. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2013. Kokoto ya kifusi ilionekana kuwa dhaifu kuliko ya asili, lakini takriban asilimia 85 ya matofali waliyoyapima yalifikia nguvu ya nyutoni 7 kwa kila milimita mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa Tanzania kwa tofali la kubeba mzigo.

Tuiweke kwa lugha ya kawaida. Tofali la milimita 390 kwa 140 lenye nguvu hiyo linaweza kugandamizwa kwa uzito wa karibu tani 39 kabla halijapasuka. Hiyo ni nguvu ya kutosha kwa ukuta wa nyumba ya chini.

Ila soma tena ile asilimia 85. Ina maana kwamba takriban matofali 15 kati ya kila 100 yaliyopimwa hayakufikia kiwango, na hao walikuwa watafiti wenye maabara. Sisi wenye koleo na karai tunahitaji kuwa waangalifu zaidi.

Jinsi kazi inavyofanywa

1. Chagua kabla hujaponda. Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Weka zege upande mmoja, matofali ya kuchoma upande mwingine, na nondo peke yake. Ondoa mbao, plastiki, vioo, udongo na mizizi. Ondoa kabisa vipande vya jasi, ile dari nyeupe ya kisasa inayopasuka kama chaki, kwa sababu huharibu saruji polepole hata baada ya tofali kukauka.

2. Ukiona mabati au vigae vya asbesto, simama. Nyumba na shule nyingi za zamani zilikuwa na paa za aina hiyo. Vumbi lake husababisha saratani, na kisheria ni taka hatari. Usiipige nyundo wala kuitia kwenye rundo. Wasiliana na ofisi ya NEMA ya kaunti wakuelekeze kwa mtu mwenye leseni ya kuiondoa.

3. Ponda. Nyundo na mikono inafanya kazi, na magharibi mwa Kenya kuna watu waliozoea kuponda kokoto kando ya barabara. Mashine huharakisha, lakini kuikodisha kwa rundo dogo kunaweza kumaliza faida yote. Nyunyiza maji kidogo unapoponda, vaa barakoa na miwani. Vumbi la zege huingia kwenye mapafu na halitoki.

4. Chekecha. Tumia wavu wa matundu ya takriban milimita 10 kwa matofali. Vinavyobaki juu vipondwe tena, au vitumike kama mawe ya kujazia chini ya sakafu.

5. Loweka. Hii ndiyo dawa tuliyoitaja. Mwagia kokoto ya kifusi maji jioni na uifunike mpaka asubuhi. Iwe imeshiba maji lakini isiwe inatiririka. Hapo haitanyonya maji ya mchanganyiko.

6. Changanya. Kipimo cha kuanzia ambacho mafundi wengi hukitumia kwa matofali ni saruji sehemu moja kwa sehemu 6 hadi 8 za mchanga na kokoto. Kwa kifusi, anzia kwenye 6. Usishuke kabla hujajaribu matofali ya kwanza. Chembe ndogo zikipungua, ongeza mchanga au vumbi la kwari.

7. Finyanga na umwagilie. Baada ya kutoka kwenye kalibu, matofali yakae kivulini na yamwagiliwe kila siku kwa angalau siku 7. Saruji haikauki kama nguo, inahitaji maji ili ishike. Nguvu yake hupimwa ikitimiza siku 28. Kwa sisi wa Bungoma, kati ya Desemba na Februari ndio wakati mzuri wa kufinyanga, kabla ya mvua za masika. Lakini jua la miezi hiyo ni kali, kwa hiyo funika kwa majani ya migomba au turubai.

Mahali pa kutumia, na mahali pa kukataa

Tungependa kusema kwamba tofali la kifusi linafaa kila mahali. Halifai, na hili ni jambo la uhai.

Mnamo Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na karibu watu 50 wakafa. Wakenya tumeyaona majengo mengine yakianguka kabla na baada ya hapo. Nguzo, boriti na sakafu za ghorofa si mahali pa kujaribia kokoto ambayo hujui imetoka wapi. Hata kama bei inavutia, kataa.

Matofali ya kifusi yatumie kwa:

- ukuta wa ua, jiko la nje, stoo, banda la kuku au la ng'ombe;
- choo na bafu la nje, sehemu iliyo juu ya ardhi;
- kuta za kugawa vyumba zisizobeba paa;
- vijia vya kutembea na mahali pa kuegesha boda boda.

Ukitaka kujengea kuta zinazobeba paa la nyumba ya chini, usiende kwa macho. Peleka matofali kadhaa maabara yakiwa na siku 28. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega hufundisha uhandisi wa ujenzi, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Mhandisi wa kaunti pia anaweza kukuelekeza. Ada ya kupima matofali machache ni ndogo ukilinganisha na ukuta wa kujenga mara mbili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, usipopima tofali, huo ukuta utaujenga mara mbili.

Sasa tuje kwenye pesa

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anasema, "Kifusi ni cha bure, kwa hiyo matofali ni ya bure." Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi tumezichagua ili kuonyesha njia tu, wewe weka za kwenu.

- Usafiri wa kifusi kutoka kwa jirani: 3,000
- Kuchagua na kuponda: 4,500
- Saruji mifuko 10 kwa 800: 8,000
- Vumbi la kwari: 2,000
- Fundi na wasaidizi: 3,500
- Kukodisha mashine ya kufinyanga: 1,500
- Maji na ada za kutuma pesa: 500

Jumla ni shilingi 23,000. Umefinyanga matofali 190. Ukigawanya, unapata shilingi 121 kwa kila tofali. Lakini ngoja. Matofali 18 yamevunjika au yamemong'onyoka wakati wa kuyapanga. Matofali mazuri ni 172. Bei ya kweli ni 23,000 kugawanya kwa 172, karibu shilingi 134.

Kama muuzaji wa karibu anakuletea tofali zuri kwa shilingi 120, umejichosha kwa wiki tatu ili upate hasara.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Kifusi ni chako, kiko palepale unapojenga. Zile 3,000 za usafiri zinatoka na jumla inakuwa 20,000. Kila tofali zuri sasa ni shilingi 116. Umeuza nondo zilizotoka kwenye kifusi kwa 2,000? Gharama yako halisi ni 18,000, na tofali moja limeshuka hadi karibu 105. Na kama ulikuwa utalipa lori kuja kutupa kifusi hicho, pesa hiyo nayo imebaki mfukoni.

Somo la hesabu hii ni moja: kifusi kina faida pale kilipoangukia. Ukianza kukisafirisha mbali, lori linakula faida. Kabla ya kununua kifusi cha Webuye ukipeleke Kitale, piga hesabu mara mbili.

Kumbuka pia kuna njia ya katikati. Kama matofali hayalipi, kifusi hichohicho kinaweza kujazia chini ya sakafu badala ya mawe ya kununua. Hakihitaji saruji wala kuchekechwa sana, kinahitaji tu kuwa safi na kushindiliwa vizuri. Kwa wengi wenye rundo dogo, hii ndiyo itakuwa njia yenye faida kubwa zaidi.

Njia za kulipa zitakazokulinda

Kazi ya kifusi ina malipo mengi madogo madogo. Leo wapondaji, kesho dereva, keshokutwa saruji. Pesa za mkononi hupotea bila alama. Malipo ya simu huacha ujumbe wenye tarehe, saa, jina na namba ya muamala. Huo ujumbe ni risiti yako, utumie hivi:

Tenga bajeti ya mjengo. Usichanganye pesa za matofali na za karo au za unga. Weka kiasi cha kazi kwenye akiba ya simu au akaunti tofauti, utoe kidogo kidogo kazi inavyosonga.

Lipa kwa hatua. Mkubaliane na fundi tangu mwanzo: sehemu akianza, sehemu matofali yakitoka kwenye kalibu, na ya mwisho baada ya siku za kumwagilia kwisha na mmehesabu yaliyo mazima. Fundi anayelipwa kwa tofali zima atakuwa makini kuliko anayelipwa kwa tofali lolote.

Soma jina kabla ya kuthibitisha. Ukilipa kwa namba ya till au ukituma kwa mtu, jina huonekana. Kama hadiweya ina jina moja na simu inakuonyesha jina la mtu usiyemjua, simama uulize. Sekunde kumi za kuuliza ni rahisi kuliko wiki mbili za kufuatilia.

Usilipe mzigo ambao hujauona. Matapeli wanapenda ujenzi. Picha nzuri za matofali kwenye Facebook, bei ya chini kuliko kila mtu, halafu anakuambia utume "ya mafuta ya lori" kwanza. Ukituma, simu inazima. Lipa lori likiwa limeegeshwa kwako na umehesabu.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, ripoti papo hapo. Usisubiri jioni. Pesa ikishatolewa na mpokeaji, kuirudisha inakuwa vigumu. Lakini elewa tofauti: kukosea namba ni jambo moja, na kulipia mzigo mbovu ni jambo lingine. La pili ni mgogoro kati yako na muuzaji, na silaha yako ni mkataba na ujumbe wa malipo.

Namba yako ya siri ni yako. Fundi hahitaji PIN yako ili apokee pesa. Dereva pia. Sisi wenyewe hatutawahi kukupigia tukuulize.

Mwisho wa kazi, omba taarifa ya miamala. Kaa na daftari, weka alama kwenye kila malipo ya matofali, ujumlishe. Gawanya kwa matofali mazima. Hiyo namba moja itakuambia kama urudie au uache.

Nondo za kifusi zina sheria yake

Vyuma ndani ya zege ni pesa, lakini usiviuze kwa mtu yeyote anayepita na mkokoteni. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015, na wanaofanya biashara hiyo wanatakiwa kuwa na leseni. Mnamo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme na vifaa vingine vya umma kuharibiwa, na marufuku hiyo ikaondolewa Mei mwaka huohuo.

Kwa mtu aliyebomoa nyumba yake mwenyewe, funzo ni kutunza ushahidi. Piga picha ya nyumba kabla na baada. Uza kwa mwenye leseni. Ulipwe kwa simu, si kwa noti. Siku mtu akiuliza vyuma hivyo vilitoka wapi, utakuwa na tarehe, jina na kiasi.

Kuhusu kifusi chenyewe, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 imeweka msimamo wazi kwamba taka ni rasilimali ya kutumiwa tena, na kwamba anayezizalisha ana wajibu wa kuzisimamia. Kumwaga kifusi kando ya mto Nzoia au kwenye mtaro wa barabara ni kosa, hata kama dereva ndiye aliyemwaga na wewe ulilipa tu.

Nafasi ya kazi iko wapi?

Tunaona watu watatu wanaoweza kuingiza pesa hapa.

Wa kwanza ni wapondaji wa kokoto, wengi wao akina mama na vijana. Kifusi cha zege kinapondeka sawa na mawe, na hakihitaji kuchimbwa. Kwa kikundi cha watu watano wenye nyundo, wavu na barakoa, mtaji wa kuanza si mkubwa. Mkiwa chama, fungueni namba ya biashara kwa jina la kikundi, watu wawili wahusike kuidhinisha kutoa pesa, na mgao ufanywe siku moja kwa wiki mbele ya wote. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu mmoja anashika simu na wengine wanashika imani.

Wa pili ni mwenye mashine ya kufinyanga. Badala ya kukaa na mashine ikisubiri mteja aje, anaweza kuipeleka kwenye kifusi. Tumeona kwenye hesabu kwamba usafiri ndio adui. Mashine ni nyepesi kuliko tani 5 za zege.

Wa tatu ni anayebomoa. Mkandarasi anayevunja kwa utaratibu, akitoa milango, mabati, mbao na dari kwanza kabla ya kugusa kuta, anaacha kifusi safi chenye bei. Anayeangusha kila kitu kwa pamoja anaacha takataka. Mwenye nyumba, hilo liandike kwenye makubaliano kabla ya kumtumia malipo ya kwanza.

Mwezi wa Agosti 2018, majengo makubwa kama Ukay Centre kule Westlands na South End Mall pale Lang'ata yaliangushwa jijini Nairobi kwa kuwa kwenye maeneo ya kingo za mito. Ubomoaji wa namna hiyo hutokea mijini, ila kuta moja moja huanguka kila wiki hata kwetu mashambani. Rundo dogo la Matulo lina faida ambayo lile la Nairobi halina: mwenye nyumba, fundi na mahali pa kujenga mara nyingi viko kwenye ploti moja.

Maswali mnayoweza kuuliza

*Matofali ya kuchoma yaliyovunjika yanafaa?* Yanafaa kwa kazi nyepesi na kwa kujazia sakafu. Yananyonya maji hata kuliko zege, kwa hiyo yaloweke zaidi. Usiyachanganye na zege kwa ukuta unaobeba mzigo. Na kila tofali la kuchoma unaloacha kununua ni kuni zilizobaki msituni.

*Nitajuaje tofali ni zuri bila maabara?* Baada ya siku 28, gonganisha mawili. Yakitoa mlio mkali, ni dalili njema. Yakitoa sauti ya "puf", ni dhaifu. Liangushe moja kutoka kiunoni kwenye udongo mgumu: lisivunjike vipande. Lichubue kwa ukucha au msumari: lisitoke unga. Hizi ni dalili tu, hazichukui nafasi ya kupima.

*Kifusi cha nyumba iliyoungua moto je?* Kiache. Moto mkali hudhoofisha zege, na kuna masizi na plastiki iliyoyeyuka. Kitumie kujazia mashimo, si kufinyangia matofali.

*Nianze na kiasi gani?* Matofali 20. Nunua mfuko mmoja wa saruji, ponda kifusi cha kutosha, finyanga, subiri siku 28. Ukiyapenda, endelea. Usipoyapenda, umepoteza mfuko mmoja, hujapoteza akiba ya mwaka.

Kabla hujaita lori

Wiki hii, kama kuna rundo la kifusi kwenu, fanya mambo matatu. Lipime kwa hatua za miguu, urefu, upana na kimo. Muulize muuzaji wa karibu tofali moja linafika kwako kwa shilingi ngapi. Kisha andika kwenye karatasi gharama saba tulizoorodhesha hapo juu, kwa bei za kwenu.

Namba zikikubali, anza na mfuko mmoja. Zikikataa, jazia sakafu na ulale usingizi. Vyovyote utakavyoamua, lipa kwa hatua, soma jina kabla ya kuthibitisha, na usifute ule ujumbe wa malipo.